Barua ya jina moja: Goma hadi Bukavu, Machi 2018

Jumatatu, 5 Machi. Goma

Hii ndiyo wiki ambayo fundi cherehani wa Majengo halali usingizi. Nguo za 8 Machi, siku ya wanawake, zimerundikana mezani hadi mashine haionekani, kila mama anataka kitenge chake kiwe tayari kabla ya Alhamisi, na mimi leo nimefunga mlango saa nne asubuhi. Wateja nimewagawia mafundi wenzangu wawili. Mmoja wao amenitia pesa mkononi, akasema, "Kata nayo tikiti, utanilipa siku mtoto akirudi."

Mtoto ni wa marehemu kaka yangu. Ana miaka 24, na tangu Jumatano ya 21 Februari yuko kizuizini Bukavu. Jina lake siliandiki hapa, wala majina ya wengine wa safari hii, kwa sababu kesi bado mbichi. Siku ile alikuwa amekaa barabarani na vijana wenzake wa harakati ya kudai haki za raia, mbele yao bidoni (madumu) tupu za njano na mabango ya katoni, wakiuliza kwa nini mji uliolala kando ya ziwa unashinda siku nzima ukitafuta maji. Wengine walikimbia. Yeye hakukimbia. Shitaka tuliloambiwa kwa simu ni kuchochea watu waasi mamlaka.

Sisi wa Goma mambo haya tumeyaona. Fred Bauma, mwanaharakati kijana wetu wa hapa, alikamatwa Kinshasa tarehe 15 Machi 2015, naye Yves Makwambamba siku hiyohiyo. Wakatoka 29 Agosti 2016, baada ya miezi 17 na zaidi. Rebecca Kabugho na wenzake watano walikamatwa hapa mjini alfajiri ya 16 Februari 2016, wakiandaa mabango ya siku ya kufunga mji. Walihukumiwa miaka 2, rufaa ikashusha hadi miezi 6. Wakati wote huo majina yao yalitajwa, hapa na nje ya nchi, na sikuona mlinzi mwingine waliyekuwa naye. Ndiyo maana tulipopata habari ya mtoto wetu hatukukaa kulia. Tulianza kupita nyumba kwa nyumba.

Tumepata watu 412. Ni karatasi 19, na juu ya kila moja barua fupi: sisi wakazi wa Goma tunaomba kijana wetu aachiliwe, au afikishwe mbele ya hakimu wake kama Katiba inavyotaka. Binti ninayesafiri naye, mwanafunzi wa chuo na wa harakati ile ile, ndiye aliyechora mistari: namba, jina, sahihi, simu. Jana usiku nilizitazama karatasi hizo, hofu ikanishika. Nikikamatwa nazo bandarini, mtu yeyote ataweza kuwapigia watu 412, mmoja mmoja, na kuwauliza nani aliwatuma. Nilichukua makasi yangu ya vitenge nikakata ukingo wote wa namba za simu, karatasi baada ya karatasi, na vipande nikavitia kwenye mbabula, jiko letu la mkaa. Viliungua haraka. Nililala nikiwa nimetulia.

Bandarini wametuomba kadi za mpiga kura, wakafungua mizigo. Karatasi ziko kwenye plastiki, chini kabisa ya mfuko wa unga wa muhogo. Kijana wa ukaguzi alichomeka mkono ndani ya unga hadi kwenye kiwiko. Mimi nilikuwa nikitazama saa yake: unga uliingia kwenye mkanda, akaanza kuipangusa, akatupungia mkono tupite.

Jumanne, 6 Machi. Ziwani, kisha Bukavu

Usiku wa ziwa Kivu huwa mzuri hata kwa mtu mwenye mzigo moyoni. Nyuma yetu volkano ya Nyiragongo iliwasha wingu likawa jekundu, na ule wekundu ulitusindikiza muda mrefu baada ya taa za Goma kuzama. Mbele tukawapita wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa letu: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti, miti mingine mirefu imechomoza mbele na nyuma, taa juu ya maji, na sauti zao wakiimba kwa kupokezana. Nikawaza kwamba kijana wetu akiwa mdogo alikuwa akijifunika gubigubi akisikia mawimbi.

Kando yangu alikaa mama mmoja mfanyabiashara wa jibini ya Masisi. Tuliongea bei za vitu, tukaongea watoto, na ilipofika saa sita nikamweleza ninakokwenda. Akaiomba barua. Aliisoma yote kwa mwanga wa simu, polepole, kidole kikifuata mstari. Kisha akairudisha.

"Mama, sitatia sahihi. Nina watoto sita. Jina nikishaliandika hapo haliwezi kurudi kwangu tena."

Sikumsukuma. Wale 412 nao waliogopa, wakaandika mkono ukitetemeka, na nimeona sahihi nyingine zimekatika katikati. Lakini asiyeandika naye ana haki yake. Alfajiri, tukikaribia Bukavu, yule mama alikata kipande kikubwa cha jibini, akakifunga kwenye jani, akasema, "Hii mpelekee. Hii haina jina."

Tuliteremka saa kumi na mbili na nusu, mvua nyembamba. Bukavu ni mji wa kupanda na kuteremka. Motari, yaani dereva wa pikipiki, aliyetubeba hadi Ibanda alizima injini kwenye kila mteremko ili kuokoa mafuta.

Avoka wetu, yaani wakili (hapa kila mtu humwita Metre), ana ofisi ya chumba kimoja na Katiba ndogo iliyochakaa pembeni. Alitufungulia kifungu cha 18 tusome wenyewe: mtu hawezi kuwekwa chini ya ulinzi zaidi ya saa 48; zikiisha ni lazima aachiwe au afikishwe kwa mamlaka ya sheria. Mtoto wetu saa zake 48 ziliisha Ijumaa ya 23 Februari. Alibaki kwenye kasho, chumba cha mahabusu, hadi 2 Machi, ndipo parke, ofisi ya mwendesha mashitaka, ikamhamishia gerezani. Kifungu cha 26 nacho kinasema anayetaka kuandamana awaarifu wenye mamlaka kwa maandishi. Vijana waliarifu, na Metre anayo nakala yenye muhuri. "Muhuri huu," alisema akiugonga kwa kalamu, "ndio unaonipa nguvu ya kusimama pale mbele. Kila karatasi mtakayopeleka popote, msiondoke bila nakala iliyogongwa."

Hufunga ofisi kabla ya giza. Wanasheria na watetezi wa Bukavu hawajasahau usiku wa kuamkia 31 Julai 2005, Pascal Kabungulu, katibu mtendaji wa Héritiers de la Justice, alipouawa nyumbani kwake. Mtoto wetu atahukumiwa Ijumaa.

Hapana, nimeandika vibaya kwa usingizi. Ijumaa hakimu anaamua kama mtoto aendelee kukaa ndani au atoke wakati uchunguzi unaendelea. Hukumu iko mbali.

Jumatano, 7 Machi. Gerezani

Tulipika kwa dada yake Metre tangu saa kumi za usiku: bugali, sombe (majani ya muhogo) yenye mawese, sambaza za kukaanga, na jibini ya yule mama. Serikali inatoa vungure, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, mara moja kwa siku, na si kila siku. Mfungwa asiye na mtu wa nje anakula hicho tu, au hali kabisa.

Mlangoni kuna foleni ya akina mama, kila mmoja na sufuria yake iliyofungwa kwa kitambaa. Gereza lenyewe silitaji. Askari alichukua kisu akakata bugali letu vipande vinne kutafuta kilichofichwa, akachoma sombe, akanusa. Kisha kukawa na pesa ya mlango, pesa ya kuandika jina kwenye daftari, na ndani pesa ya kapita, yaani mfungwa anayewasimamia wenzake, ili amwite mtu wako. Yote haya hayana risiti. Nililipa mbili za kwanza; ya tatu binti alibishana nayo hadi wakaiacha.

Akaja. Amekonda mashavu, nywele zimenyolewa, shati ni lile nililomshonea Krismasi, limekosa vifungo viwili. Tulikaa kwenye benchi la ubao, askari hatua tatu kutoka kwetu.

"Tanti, umekuja na bwatu, meli ya usiku? Hukuogopa mawimbi?"

Ndivyo alivyoanza. Nikamwambia hofu ya mawimbi ni ya kwake. Akacheka kidogo, akafungua sufuria, na sikuelewa mwanzoni alichokuwa akifanya: alichukua kifuniko akagawa bugali mafungu matatu, akahesabu sambaza moja moja, kila fungu sawa, na jibini akalikata kwa uzi alioutoa kwenye pindo la shati. Mimi nikidhani anajiwekea ya kesho na keshokutwa.

"Nimesikia mna barua. Ina watu wangapi?"

"Mia nne na kumi na wawili," nikasema, na nilisema kwa fahari.

"Na juu yake mmeandika nani?"

"Wewe. Tungeandika nani mwingine?"

Akafunika sufuria. "Tanti, tulikamatwa watatu."

Wa pili ni motari. Alikuwa ameegesha pikipiki kando ya barabara akingoja abiria, wakamtia kwenye gari pamoja na vijana. Wa tatu ni mtoto wa miaka 16 anayeuza mayai ya kuchemsha, trei kichwani, chumvi na pilipili kwenye kopo mfukoni. Alisimama kutazama mabango. Wiki mbili sasa, hakuna mtu aliyefika mlangoni kuwauliza hao wawili. Familia zao hazijui walipo. Wanakula anacholetewa yeye na vijana wa Bukavu, na kisipoletwa wanalala.

"Mimi nina watu wanaoniimba hadi Goma," alisema. "Wao wakifa humu, nani atajua? Msinitoe peke yangu, Tanti. Nitatokaje?"

Muda ukaisha. Nilitembea hadi barabarani bila kujua ninashika nini. Nimegonga milango mingi mwezi huu, nimejibu kila swali juu ya mtoto wangu, na sikuuliza hata mara moja kama alikamatwa peke yake. Hilo ni langu, sitamsukumia mtu.

Alhamisi, 8 Machi. Kadutu

Mji mzima ni vitenge. Akina mama wanateremka kwa makundi kwenda kwenye gwaride, wanafunzi, wauguzi, wauza soko, kila kundi na rangi yake, na jicho langu la ufundi linaona kila pindo. Sisi tulikwenda kinyume chao, tukipanda.

Tulipita Nyawera. Hapo ndipo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996, mji ulipokuwa ukitekwa. Siku zake za mwisho alikuwa akiandika, akiomba dunia isiwatupe watu wa Kivu. Binti alikuwa bado hajazaliwa. Alisimama kidogo pale, kisha akashika tena mfuko.

Kijana wetu alitupa maelekezo: mama ya yule mtoto wa mayai anauza makala, yaani mkaa, nyuma ya soko la Kadutu, ana kovu kwenye mkono. Tuliuliza wauza makala kumi na zaidi. Tulimkuta amekaa juu ya gunia, vidole vyeusi, hakuvaa kitenge cha sikukuu. Nilipotaja jina la mtoto alisimama, akakaa, akasimama tena. Siku 15 amekuwa akimtafuta. Amezunguka hospitali. Mara mbili ameingia nyumba ya maiti, akafunuliwa nyuso za watoto wa wenzake. Swali lake la kwanza lilikuwa moja tu:

"Anakula?"

Nikamwambia jana alikula sambaza na jibini. Nilishukuru Mungu kwamba lilikuwa jibu la kweli.

Tulimsomea barua mpya, ya majina matatu, aliyoiandika Metre usiku. Nikamuuliza kama anakubali jina la mwanawe liwekwe, nikamweleza na hatari. Hajui kuandika. Binti alipaka wino wa kalamu kwenye kidole gumba chake, lakini vumbi la makala lilikuwa limejaa kwenye mistari ya ngozi, alama ikatoka doa jeusi tupu. Akateremka hadi kwenye bidoni ya jirani, akaomba maji kikombe kimoja, akaosha kidole kile kimoja kwa sabuni, akakipangusa kwenye blauzi hadi kikawa safi. Mara ya pili mistari ilitoka yote, mizunguko midogo kama ya kisiki cha mti. Aliitazama kwa muda. "Jina lake liandikeni kubwa," akasema.

Kwa motari ilikuwa rahisi kupata watu na vigumu kusikiliza. Wenzake kwenye kituo walikuwa wameamini ametoroka na pikipiki. Mwenye pikipiki alikwisha kwenda kumshitaki mkewe kwa wizi. Walipojua ukweli walinyamaza, kisha wakaitana kwa honi. Kabla ya saa kumi tulikuwa na sahihi 63.

Jioni tuligombana, mimi na binti. Yeye alitaka tuandike yale majina mawili juu ya karatasi za Goma. "Mama, nani kati ya wale 412 angekataa?" Pengine hakuna. Lakini waliweka majina yao, kwa hofu yao, chini ya maneno waliyoyasoma. Siwezi kuongeza neno juu ya kichwa cha mtu akiwa hayupo. "Basi tuwapigie simu," akasema. Nikamkumbusha mbabula. Alilia kwa hasira, na sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa moto nilioutia kuwalinda ndio uliotufunga mikono. Metre alikata shauri: barua ya Goma ipelekwe ilivyo, na ya Bukavu, yenye majina matatu, iwekwe juu yake.

Ijumaa, 9 Machi

Saa mbili asubuhi tulikuwa kwenye ofisi ya mahakama. Sekretere alipokea barua zote mbili, akazitia kwenye droo, akasema tunaweza kwenda. Nakala zetu hazigongwi; mwenye muhuri hayupo. Tukakaa. Saa tano mwenye muhuri alikuwa bado hayupo, ingawa tulimsikia akikohoa nyuma ya mlango. Saa saba kasoro nilitoa kwenye mfuko kitenge cha mteja mmoja nilichokuwa sijakimaliza, nikaanza kukunja pindo kwa mkono, pale pale kwenye benchi. Sindano ilipofika kona ya tatu, mlango ulifunguka. Mihuri miwili, tarehe, sahihi. Metre alizipokea mbio akaingia nazo.

Kikao cha namna hii hakiko wazi kwa watu. Tulingoja uani, mimi, binti, mama wa makala, mke wa motari na motari kama thelathini na injini zimezimwa.

Mtoto wa mayai ametoka. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ana hakimu wake, hakimu wa watoto, na Metre alikuwa na cheti cha ubatizo kilicholetwa na mama asubuhi. Amekabidhiwa kwa mama yake huku faili likipelekwa huko. Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku, kama mtu anayekagua chungu. Mtoto aliuliza nani atalipa mayai. Trei nzima ilikuwa ya mkopo. Motari walimchangia palepale.

Wale wawili wamepewa siku 15 zaidi za kukaa ndani. Zikiisha, sheria inaruhusu kuongezwa mwezi mmoja mmoja. Niliwaona kwa mbali wakirudishwa kwenye gari. Wetu aliinua vidole vitatu, kisha akashusha kimoja, akaonyesha kwa kichwa upande alikosimama mtoto. Nilielewa: watatu kutoa mmoja, bado wawili.

Jumamosi, 10 Machi

Nimeacha blanketi mbili gerezani, moja ya motari. Mkewe na dada yake Metre wamepanga siku za kupika. Jioni bwatu.

Jumapili, 11 Machi. Goma

Sijafungua cherehani. Nimepiga chapa karatasi mpya, safari hii mistari mitatu tu: namba, jina, sahihi. Juu yake kuna majina mawili ya kuachiwa na la mtoto ambaye faili lake bado liko wazi.

Namba 1 kwenye karatasi za zamani ni mama muuza nyanya wa kona yetu, kwa hiyo nimeanza kwake. Alinikaribisha, akapangusa mikono, akafikiri nimeleta habari njema. Akasoma. Akarudi juu akasoma tena.

"Huyu wako namjua. Hawa wengine ni akina nani?"

Nikavuta kreti tupu, nikakaa, nikaanza kumweleza.